Kiatu cha buluu na mchuma pamba: santuri ya Carl Perkins

Nimeshona viatu Chake Chake kwa miaka 41, na kila mteja aliyeniletea kiatu cha swedi nimemwambia neno moja: kiatu hiki hakitaki mguu wa mtu mwengine. Ngozi ya kawaida ikikanyagwa unaifuta, unaipaka rangi, unaipiga brashi, imekwisha. Swedi ni ngozi iliyogeuzwa. Upande wa ndani ndio unaotolewa nje, ukasuguliwa mpaka ukawa na malaika laini kama ya mahameli. Ikikanyagwa, malaika yale yanalala, na tope likishaingia ndani yake hapana sabuni wala nta itakayokirudisha kiatu kilivyokuwa. Kwa hiyo nilipomsikia mtu kwenye santuri akisema kwamba unaweza kumuangusha, kumsengenya, hata kumchomea nyumba, ila viatu vyake vya buluu vya swedi usivikanyage, nilisimamisha nyundo. Nikasema huyu anakijua kiatu.

Santuri yenyewe inaitwa Dance Album of Carl Perkins. Ilitolewa na Sun Records ya Memphis, Marekani, mwaka 1957, nyimbo 12, sita kila upande. Nakala niliyoinunua mimi ni ya kuchapishwa upya, imepita mikono mingi, na jalada lake la nyuma limechakaa hata maandishi hayasomeki. Niliipata Unguja, kwenye duka dogo la vitu vya kale katika vichochoro vya Mji Mkongwe, siku niliyokwenda kununua ngozi na gundi. Nimelipa shilingi 70,000. Kwa fundi wa viatu hiyo si pesa ya kuchezea, na ndiyo maana naandika: kuna watu watakaoiona santuri kama hii mahali wakajiuliza wainunue au waiwache.

Niseme kwanza habari ya duka, kwa sababu nimehudumiwa vizuri na mtu akinitendea wema nautaja. Kijana muuzaji hakunitajia bei mpaka tulipoisikiliza. Alinivutia kibao, akasema, "Kaa, mzee, usinunue kitu hujakisikia." Akaifuta sahani kwa kitambaa laini, akifuata mzunguko wa mistari, hakukatiza hata mara moja. Akaipiga upande wa kwanza wote. Kisha akaigeuza, akanionyesha kwa kidole mkwaruzo ulioko upande wa pili, akaniambia hapa sindano itaruka, na imeruka pale pale alipoonyesha. Akaifunga baina ya maboksi mawili yaliyokunjuliwa, juu yake karatasi ya kaki, akanisisitiza nisiiweke juani kwenye boti. Nimeiweka kifuani mpaka Mkoani.

Nyumbani nina mashine ya marehemu ami yangu, aliyekuwa baharia. Sindano nimebadilisha. Mpira wa kuzungusha sahani ulikatika zamani, nimekata mwengine mwenyewe kutoka tyubu ya baiskeli, nikaupunguza kidogo kidogo mpaka sauti ikawacha kuyumba. Mashine hiyo hiyo ndiyo iliyonilea. Babu yangu alikuwa na santuri za Siti binti Saad, zile nzito za kuvunjika kama sahani ya udongo, na alikuwa hachoki kutuhadithia kwamba Siti alitoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa Kiswahili. Babu alipokuwa akiiteremsha sindano alikuwa anataja jina la Siti kwanza, kama mtu anavyobisha hodi. Mimi na Carl Perkins nimefanya hivyo hivyo, kwa sababu jina lake ndilo lililopotea. Wimbo wa viatu vya buluu duniani watu wanaujua. Waulize ni wa nani, tisa kati ya kumi watakwambia Elvis Presley.

Si wake. Aliuimba tu. Aliyeutunga ni mchuma pamba.

Binti yangu anasomesha Kiingereza skuli, na yeye ndiye aliyenisomea maisha ya mtu huyu jioni tatu mfululizo, mimi nikitia uzi nta. Carl Perkins alizaliwa tarehe 9 Aprili 1932, karibu na Tiptonville, jimbo la Tennessee, jirani na mto Mississippi. Wazee wake walikuwa wazungu maskini waliolima pamba kwenye shamba la mtu na kugawana mavuno na mwenye shamba, na kama inavyokuwa katika mgao wa namna hiyo, mwenye shamba ndiye anayeshiba. Carl aliingia kondeni akiwa na miaka sita. Yeye na kaka yake Jay walikuwa wakipata senti 50 kwa siku, wawili pamoja, kutoka alfajiri mpaka jua lizame.

Hapo nilimwambia binti yangu arudie. Mimi nimechuma karafuu tokea nikiwa na miaka saba. Anayejua mkarafuu anajua tofauti ya kazi ile na ya pamba: sisi tunapanda, wao wanainama. Sisi tunaogopa tawi litakalovunjika, wao wanakatwa vidole na maganda ya pamba. Lakini jioni ni moja. Kuchambua makonyo mpaka kucha zinanuka mwezi mzima, kupimiwa pishi na mtu ambaye mkono wake unajua kuitikisa pishi ili izidi kumeza, na wazee kuanza kuimba mmoja mmoja bila ya kuagizwa, ili usingizi usiwachukue watoto juu ya majamvi. Kule Tennessee pia waliimba kondeni. Waliokuwa wakiimba zaidi ni watu weusi waliolima sambamba na kina Perkins, na mtoto yule wa kizungu alikuwa akizinyonya sauti zao siku nzima.

Miongoni mwao alikuwemo mzee mmoja mweusi, John Westbrook, aliyekuwa na gitaa kuukuu na akipiga blues, muziki wa majonzi wa watu weusi wa Marekani, na nyimbo za kanisani barazani kwake jioni. Carl alikuwa anakwenda kukaa miguuni pake. Mzee akamfundisha kuinamia gitaa, kulisogeza karibu na mwili mpaka mtetemo wake aupate mifupani. Nimelipenda sana jambo hili, kwa sababu hata ufundi wangu sikuusoma popote. Nilikaa miguuni pa mzee, nikamshikia kalibu ya kiatu miezi minane kabla hajanipa kisu. Perkins alipokuwa mtu mashuhuri aliendelea kulitaja jina la Westbrook. Wapo wengi katika muziki ule waliochukua kwa watu weusi wakanyamaza.

Gitaa lake la kwanza la maana baba yake alilinunua kwa jirani kwa dola chache, limekwaruzika, nyuzi zimechoka. Uzi ulipokatika hakuwa na pesa ya kununua mpya, akaunga fundo. Fundo likamkata vidole kila alipoteleza juu yake. Basi akawacha kuteleza, akawa anauvuta uzi kwa ubavu mpaka sauti ipande pale anapoitaka. Sikiliza gitaa katika santuri hii, zile sauti zinazopinda kama mtu anayeuliza swali: zimezaliwa na fundo la umaskini. Mshonaji yeyote anajua kwamba fundo likikaa mahali pabaya ndilo litakalokufundisha mshono mpya.

Muziki wake unaitwa rokabili. Ni kantri, yaani muziki wa mashamba wa wazungu wa kusini mwa Marekani, uliochanganywa na blues ya watu weusi, ukaharakishwa, na besi kubwa ya mti ikipigwa makofi kwenye nyuzi zake ili itoe mlio wa ngoma na sauti kwa mara moja. Kantri ya polepole sisi tunaijua. Jim Reeves amelia kwenye redio za Afrika Mashariki mpaka wazee wetu wakamuona jirani. Rokabili wachache wanaitambua kwa jina, ijapokuwa mmoja wa waliowahi kuifikisha kileleni ni mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946: Freddie Mercury, alipotunga Crazy Little Thing Called Love mwaka 1979. Ule wimbo ni rokabili tupu. Anayetaka kujua mahali ulipotoka asikilize santuri hii.

Sasa wimbo wenyewe, ambao ndio unaofungua upande wa kwanza.

Una mizizi miwili. Mmoja ni wa Johnny Cash, mwimbaji wa kantri na rafiki yake, ambaye alimsimulia habari ya askari mwenziwe mweusi walipokuwa jeshini Ujerumani. Yule askari alikuwa akitoka kwenda mjini anawaambia watu wasimkanyage viatu vyake vya buluu vya swedi. Cash akamwambia, hivyo ni viatu vya jeshi tu. Yeye akajibu kwamba usiku huu akiwa mjini, vitakuwa vya buluu vya swedi. Mzizi wa pili Perkins aliuona kwa macho yake Disemba 1955, akipiga gitaa dansini: kijana mmoja alikuwa akimkemea msichana mzuri anayecheza naye, asimkanyage viatu. Perkins alishangaa vipi mtu ana msichana kama yule mikononi na mawazo yake yako miguuni. Usingizi ukamkataa. Akaamka usiku wa manane, na kwa kuwa nyumba haikuwa na karatasi, akauandika wimbo kwa penseli kwenye mfuko wa viazi. Neno swedi alilikosea tahajia. Tarehe 19 Disemba akaurekodi Memphis, na siku ya mwaka mpya 1956 ikatoka santuri ndogo ya wimbo huo. Ikawa ya kwanza ya Sun kuuza nakala milioni moja, na ikapanda kwenye orodha tatu kwa pamoja: ya kantri, ya pop na ya watu weusi, jambo ambalo kwa Marekani ya ubaguzi ya miaka ile halikuwa dogo.

Mimi lakini nataka kusema kitu kimoja ambacho sijakisikia kwa waliousifu wimbo huu.

Mwaka 1972 Idd ndogo iliangukia Novemba, katikati ya vuli na katikati ya karafuu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimechuma msimu mzima, na baba akanikatia fungu langu, akaninunulia viatu, vya kwanza maishani vyenye kamba. Viatu miaka ile vilikuwa haba kuliko sukari. Nilivilaza juu ya mto wa kulalia, pembeni ya kichwa. Asubuhi nikaviweka mkononi mpaka karibu na uwanja wa sikukuu, nikavivaa hapo chini ya muembe, nikaingia. Sikucheza mchezo hata mmoja. Sikupanda pembea. Nilisimama kando, macho chini, nikiwahesabu wanaopita. Na pamoja na hayo nikakanyagwa, na mtoto mkubwa asiyejua hata kwamba amenikanyaga, kisigino chenye tope jekundu. Nilimpiga ngumi, naye ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Mpaka leo kaka zangu wakinihadithia wanauliza ni nini kilichonipanda.

Carl Perkins anajua ni nini kilichonipanda. Msikilize anavyoanza. Anahesabu moja, mbili, tatu kama watoto wanaotaka kuanza kukimbia, lakini baada ya moja, na tena baada ya mbili, anasimama, gitaa linapiga mara mbili, na hapana sauti nyengine. Vile vituo ni onyo. Ni mtu anayekunyooshea kidole na kusubiri uhakika kwamba umesikia. Elvis alipouimba, vile vituo karibu vyote alivifuta, akaukimbiza wimbo, na ukawa mtamu kwelikweli, wa kurukaruka. Nimeusikia huo mara nyingi kuliko wa Perkins na siukatai. Lakini naona Elvis anaimba kama mtu mwenye kabati la viatu. Perkins anaimba kama mwenye jozi moja. Ndani ya uchangamfu wa sauti yake kuna hofu ya kweli kwamba kitu pekee kizuri alichonacho kitaharibiwa na mtu asiyeangalia anapokwenda. Kwa tofauti hiyo peke yake mimi nimeona shilingi 70,000 zangu zimerudi.

Na kitu chake kizuri kikakanyagwa. Tarehe 22 Machi 1956 yeye na wenzake walikuwa barabarani usiku wakielekea New York, ambako alialikwa kwenye kipindi cha televisheni cha Perry Como. Karibu na Dover, jimbo la Delaware, gari yao ililigonga lori dogo. Dereva wa lori alikufa. Carl alikutwa ameanguka kifudifudi ndani ya maji ya mtaro, hana fahamu. Mpiga ngoma wake, W. S. Holland, ndiye aliyemtoa asizame. Shingo ilipata nyufa katika pingili tatu, mtulinga umevunjika. Jay alivunjika shingo. Tarehe 3 Aprili, majeraha hayajapona, Elvis akauimba wimbo ule kwenye televisheni mbele ya Marekani nzima. Hapakuwa na uadui baina yao. Wanamuziki wa Elvis walikwenda kumtazama hospitali. Lakini dirisha lilifunguka siku zile, na aliyekuwa amesimama ndiye aliyepita.

Jay alikufa Oktoba 1958, kwa uvimbe wa ubongo. Katika santuri hii ndiye anayepiga gitaa la nyuma, na mdogo wao Clayton ndiye anayepiga besi. Nakuombeni mkiisikiliza, mara moja moja musiifuate sauti ya Carl. Fuateni lile gitaa la nyuma lisilojionyesha. Katika Sure to Fall, ambao ni kantri ya polepole, utawasikia wanavyoegemeana. Mimi na kaka yangu mkubwa tulishona benchi moja miaka 19. Yeye alikuwa anakata, mimi nashona. Alipofariki nilikaa miezi mingi nikishindwa kukata soli iliyonyooka, na mkono wangu haukuwa na maradhi yoyote. Binti yangu aliposoma kwamba baada ya Jay kuondoka Carl alizama kwenye ulevi, alisita, akanitazama kwa kuwa anajua nisivyoupenda ulevi. Nilimwambia aendelee kusoma. Siuhalalishi. Lakini mtu aliyepotewa na mwenzake wa benchi namjua, na sikuweza kumhukumu.

Miaka hiyo mikono yenyewe iliponea chupuchupu: vidole vya kushoto viliingia kwenye feni akiwa kazini. Akasafiri miaka kama kumi na kundi la Johnny Cash, akipiga gitaa nyuma ya mtu mwengine, yeye ambaye wimbo wake uliwahi kuizunguka dunia. Ni katika safari hizo alipokwenda ufukweni mwa Pasifiki, baada ya siku kadhaa za kulewa, akaitupa chupa baharini. Akawacha. Mzee mmoja barazani kwetu nilipomhadithia haya alisema, "Bahari imepokea mengi, hilo nalo ililibeba."

Na kutunga hakuwacha. Mwaka 1962 Patsy Cline aliimba So Wrong, aliyoitunga pamoja na wenzake wawili. Mwaka 1968 akampa Cash wimbo Daddy Sang Bass, wa familia inayoimba pamoja kwenye dhiki, ukakaa kileleni mwa kantri wiki sita. Kumbe hata nyimbo zake za mwanzo zilikuwa zimevuka bahari bila ya yeye kujua. Alipokwenda Uingereza mwaka 1964 alikuta vijana wanne wa Beatles wanazijua nyimbo zake neno kwa neno, wakamkaribisha studio wakati wanarekodi mmoja wao. Walirekodi zake tatu, na zote tatu zimo katika santuri hii: Honey Don't, Matchbox na Everybody's Trying to Be My Baby.

Katika hizo, Matchbox ndiyo ninayoirudia. Mstari wake mkuu ni wa zamani kuliko yeye. Blind Lemon Jefferson aliuimba kwenye santuri mwaka 1927. Mtu anakaa anajiuliza kama nguo zake zote zingeweza kuingia ndani ya kiberiti. Hapana maelezo ya umaskini mafupi kuliko hayo. Halafu piano inayoingia kwa fujo ni ya Jerry Lee Lewis, ambaye siku ile, tarehe 4 Disemba 1956, alikuwa bado mgeni pale studio. Siku hiyo hiyo Elvis alipita kuwasalimia, Cash naye akawepo, wakakaa wanne wanaimba nyimbo za kanisani, na mtu akawasha mashine ya kurekodi. Watu wanaikumbuka siku ile kwa ajili ya Elvis. Studio ilikuwa imekodiwa kwa kazi ya Perkins.

Movie Magg ni kitoto na kinapendeza; aliutunga akiwa kijana mdogo, wa kumchukua msichana sinema juu ya mgongo wa nyumbu. Only You uliwafaa zaidi walioutoa mwanzo, na hapa naona amevaa kanzu ya mtu mwengine. Boppin' the Blues ni wa kuchezea, wajukuu zangu wameupenda kuliko wote. Wimbo mmoja umenikera, nao ni Tennessee. Anaisifu nchi yake, vizuri, lakini katika sifa anaingiza kwamba bomu la kwanza la atomiki lilitengenezwa huko. Mtu aliyeona mapema namna kitu kidogo kizuri kinavyoharibiwa na mguu wa mtu, kujivunia kitu kile nimeshindwa kukielewa. Huo ndio wimbo ninaounyanyulia sindano.

Your True Love uko upande wa pili, na ndio wenye mkwaruzo katika nakala yangu. Mwenye studio, Sam Phillips, aliuharakisha mkanda kidogo ili sauti ya Carl ionekane ya kijana zaidi, na ukishajua unasikia: ina wembamba usio wake. Lau ningekuwepo ningemwambia auwache ulivyo. Wimbo huu George Harrison wa Beatles aliuimba na gitaa lake kwenye mazishi ya Perkins huko Jackson, Tennessee. Perkins alifariki tarehe 19 Januari 1998, na miaka 65. Kwenye mji huo huo kuna kituo cha kuwakinga watoto na mateso kinachoitwa kwa jina lake, alichosaidia kukianzisha mwaka 1981. Mtoto wa miaka sita aliyeinama kwenye pamba alikumbukwa na mwenyewe.

Kwa atakayenunua: sauti ni ya mono, spika moja inatosha, usibabaishwe na anayekutaka ununue mbili. Santuri nzima haifiki dakika 35, kwa hivyo mwenye kutaka kukesha nayo ajue ataigeuza mara nyingi. Huku kwetu unyevu wa bahari unazua ukungu kwenye jalada; itoe mara moja kwa mwezi, iache ipigwe na upepo kivulini, usiiegemeze ukutani kwa ulalo maana itapinda. Nakala ikiwa na jalada linalosomeka la nyuma, ongeza hata shilingi 10,000, mimi ningeongeza. Ikiwa mkwaruzo uko kwenye wimbo wa kwanza, usiichukue kwa bei yoyote.

Nimempigia simu yule kijana wa Mji Mkongwe kumuuliza kama anaweza kunitafutia santuri za Perkins za baada ya 1958, zile ambazo Jay hayumo. Nataka kusikia mkono wake ulivyokata peke yake. Ameniambia kuna mzigo unakuja, nimpigie tena baada ya Idd, na kwamba ana viatu vya baba yake vya swedi, rangi ya kahawia, kisigino kimeliwa upande mmoja. Nimemwambia avifunge kwa kitambaa, si kwa mfuko wa plastiki, avitume na boti ya kesho.